Sentensi Arobaini za Kipaza

4 Machi, Jumatatu

Daktari ametuagiza tuwe na daftari. Kila siku tuandike mgonjwa amekula nini, amemeza vipi, koo limeuma kiasi gani. Basi daftari ndilo hili. Mimi ni mpiga chapa. Miaka ishirini na sita nachapa mitihani na barua za watu kwenye duka la steshenari, lakini ya nyumbani kwangu sijawahi kuyaandika hata nusu ukurasa.

Leo: uji vikombe viwili. Amemeza kwa shida.

Haya mengine daktari hakuyaomba, ila nisipoyaandika yatanikaba. Uvimbe ulio kwenye koo la mume wangu ni saratani. Tarehe nane mwezi ujao watamkata kikoromeo chote. Atapona, daktari amesema, tena amerudia mara mbili. Ila hatasema tena. Na mume wangu ni mtangazaji wa stendi ya mabasi. Miaka thelathini na moja amekaa kwenye kile kijumba cha vioo akiita mabasi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika. Watu wanamwita Kipaza. Nami namwita hivyo hivyo.

Tulipotoka hospitali mvua ilikuwa imeanza, ya kwanza mwaka huu. Kipaza akasimama mlangoni, akasema, "Abiria wa mvua, mvua imefika." Nikamwambia nyamaza, pumzisha koo. Sauti iliyobaki inatakiwa itumike kidogokidogo.

6 Machi

Uji. Ndizi iliyopondwa. Mvua.

8 Machi

Hospitalini kuna mtaalamu wa sauti, dada mmoja mrefu mwenye viatu visivyo na kishindo. Anasema kabla ya kukatwa Kipaza asome sentensi mia tatu na hamsini, zirekodiwe. Zitapelekwa kwa watu wanaozikatakata na kuzishona upya mpaka ipatikane sauti ya mashine inayofanana na yake. Baadaye yeye ataandika neno lolote kwenye simu, na simu italisema kwa sauti yake. Zikipungua mia tatu, haiwezekani. Tumeambiwa tununue diski ya nje ya kuzihifadhia.

Nimeinunua mwenyewe. Nyeusi, ndogo kuliko kiganja. Kipaza ameipima mkononi kama mtu anayenunua sabuni, akasema, "Mimi mzima nitaenea humu?"

Nikamwambia nyamaza, pumzisha koo. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

11 Machi

Wifi yangu amefika, dada mkubwa wa Kipaza, na mabegi matatu na maoni yasiyohesabika. Atakuwa akimsindikiza mgonjwa kliniki kila siku maana mimi ruhusa nyingine kazini sitapata. Kabla hajavua viatu ameshaniuliza kwa nini pazia limefifia. Nimemjibu kwamba jua halikuniomba ruhusa.

12 Machi

Sentensi ishirini na tatu. Uji, supu. Wifi amesema supu haina chumvi.

15 Machi

Kipaza amerudi na hamu ya kusimulia. Akakaa kwenye kiti chake, akaanza, "Mwenzangu, hawa watu wa kliniki wana sheria inachekesha. Sauti ya mgonjwa hairuhusiwi kub..." Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia masimulizi tutayasikia kwenye mashine, sasa hivi kila neno ni la kazi. Akanibusu kiganja, akanyamaza.

Wifi alikuwa anatazama. Akasema, "Unamfunga mdomo kabla ya daktari."

Nimemchukia kwa hilo neno, na nimeliandika ili nisilisahau.

18 Machi

Mvua siku nzima, maji yameingia hadi kizingitini. Sauti inakwaruza. Sentensi anazopewa ni za ajabu, zimetungwa ili kila mlio wa lugha upatikane. Leo amesoma kwamba paka wa jirani hapendi maziwa ya moto. Ameniandikia kwenye karatasi: "Miaka 31 sijawahi kumtangaza paka."

21 Machi

Sentensi kumi na nane tu. Alikohoa damu kidogo. Daktari ameambiwa.

25 Machi

Dada wa sauti amemwambia aongeze mwendo. Zamani ukishuka basi lolote, kabla hujaona paa la stendi umeshamsikia: "Abiria wa saa tatu, saa tatu haimsubiri mtu!" Leo ameniita kutoka chumbani na sikumsikia nikiwa sebuleni. Amegonga ukuta.

29 Machi, Ijumaa

Amemaliza! Mia tatu na hamsini kamili. Wifi ameniletea habari dukani mwenyewe, ameloa chapachapa, na mbele ya wateja tumekumbatiana kama watu wanaopendana.

Kipaza ameomba ruhusa maalumu kwa dada wa sauti akae na diski hadi Jumatatu, ndipo ipelekwe kwa watengenezaji. Wifi anasema aliwabembeleza kwa maandishi: anataka mke wake awe wa kwanza kusikia. Kipaza ameitoa mfukoni imefungwa kwenye soksi safi. Akaiweka mezani, akainua kidole, akaanza kwa kunong'ona, "Mwenzangu, sikiliza, hii diski usi..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Pumzisha koo. Umeshamaliza kazi, baba."

Akatikisa mkono, kama anayesema haya basi, kesho. Akajilaza.

30 Machi, Jumamosi

Wamekwenda stendi, Kipaza na dada yake, kuwaaga madereva. Nimeona niandae kompyuta ili akirudi tukae tusikilize.

Nimechomeka diski. Kompyuta imeandika kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya. Nikajua tu, hawa watu wa kliniki wamenakili vibaya. Hilo naliona kila siku dukani, flashi zinakuja zimejaa virusi, zimekaa vibaya. Na dukani sheria yetu ni moja tangu enzi za tepu: kinacholetwa na mteja ni nakala, chenyewe kinabaki kwake. Kikileta ujeuri, fomati, mwambie mteja akalete kingine. Nami sifomati ile ya harakaharaka ya wavivu. Nafomati ile ndefu inayosugua mpaka pembeni, maana virusi hujificha.

Imechukua saa nne na ushei. Nimepiga pasi mashati yote ya Kipaza huku natazama ule mstari wa kijani ukisogea. Sasa diski ni safi, inafunguka bila kelele. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe kliniki wakaiwekee upya, na nitawaeleza kistaarabu namna ya kunakili.

Wamerudi wamechoka. Kipaza amelala bila kula. Nimemwambia tutasikiliza akipata nafuu.

31 Machi

Madereva wamejaa sebuleni kutwa. Hatukusikiliza. Uji kikombe kimoja.

1 Aprili, Jumatatu

Nimekwenda kliniki saa ya mapumziko ya mchana. Nimempa dada wa sauti diski, nikamwambia, "Nakala yenu ilikuwa na kasoro, nimeisafisha, naomba mniwekee tena."

Alinitazama. Akaniuliza, "Umeisafisha vipi, mama?"

Nikamweleza. Nilikuwa bado natabasamu. Nalikumbuka lile tabasamu, natamani nilibandue usoni kwa kucha.

Akaketi. Akaniambia pale kliniki hawabaki na kitu. Sheria yao ni kwamba sauti ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa, hairuhusiwi kubaki kwenye mashine ya hospitali hata sekunde moja; inaingia moja kwa moja kwenye diski yake. Akasema, "Nilimwambia akueleze. Nilimwambia diski tumeiandaa kwa mashine yetu, ni Mac, kompyuta ya Windows haitaisoma, na ikiomba kufomati mkatae. Alisema atakwambia."

Ni kweli, alitaka kuniambia. Mara mbili alifungua mdomo.

Nimerudi kwa miguu, mvua ikanipata yote. Kipaza alikuwa dirishani. Akaniuliza kwa nyusi: vipi? Nikasema, "Salama." Mungu anisamehe, nimesema salama.

2 Aprili

Nimebembeleza nusu siku kazini, ikatwe kwenye mshahara, nimempelekea diski fundi wa kompyuta, mama mmoja anayevaa miwani juu ya miwani. Ameichomeka kwenye mashine zake tatu, moja baada ya nyingine. Nimesimama saa mbili nikimtazama mgongo.

Akaniuliza, "Ulifomati ile fupi au ndefu?"

"Ndefu."

Akavua miwani zote mbili. "Ile fupi ni kama kung'oa kibao cha mlangoni tu, vitu bado viko ndani. Ningekuchotea karibu vyote. Hii ndefu imeingia kila chumba, imepiga deki. Hakuna kitu, dada."

Nikamwambia kompyuta ndiyo iliyosema diski ni mbovu.

"Haikusema mbovu. Ilisema siwezi kuitumia. Ilikuwa nzima kabisa, imepangwa kwa mtindo wa mashine nyingine, ambao yako haijui kuusoma. Na mashine isiyojua kusoma haisemi sijui. Inakwambia futa." Akazifuta miwani kwa kanga. "Na watu kama mimi na wewe, tuliozoea, ndio tunaobonyeza haraka."

Nikashukuru kwa hilo "mimi na wewe", ingawa halikunisaidia.

Ameniandalia diski upya kwa mtindo wa tatu ambao mashine zote mbili zinausoma na kuuandika. Amesema wangefanya hivi tangu siku ya kwanza kusingekuwa na maneno. Nimerudi nayo mfukoni, sasa inasomeka kila mahali, na haina kitu.

3 Aprili, Jumatano

Wifi amenikuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, nimejifunika shuka lililoloa. Sikuweza kudanganya tena. Nimemwambia yote nikiwa ndani ya shuka, ili nisimwone uso.

Nilitegemea anipige kibao, na ningekipokea. Hakunipiga. Kisha akaanza kuanua nguo, moja moja, akizikunja.

"Mwambie leo," akasema.

"Wifi, amebakiwa na siku tano. Acha akapasuliwe na moyo mtulivu. Nitamwambia akipona."

"Akipona atakuwa hana cha kukujibia. Mwambie sasa, akugombeze kwa sauti yake mwenyewe. Ukisubiri, utakuwa umemnyima na hiyo."

Nimeishi na huyu mwanamke kama mwiba miaka ishirini na tisa, nikidhani hajui kitu zaidi ya chumvi.

Nikaingia. Kipaza alikuwa anapanga vikombe vyake vya dawa. Nikapiga magoti, nikaweka diski mapajani mwake, nikamwambia. Sikusema kompyuta imefuta. Nilisema, "Nimekufuta mimi, kwa mkono wangu, huku napiga pasi."

Aliitazama ile diski muda mrefu. Akaigeuza, akaigeuza tena. Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo, nayahesabu mpaka sasa. Machozi yakamtoka jicho moja tu, la kushoto. Hakuyafuta.

"Nigombeze," nikamwambia. "Kipaza, nakuomba. Nipigie kelele stendi nzima isikie."

Akanong'ona, na kila neno nililiona likimpandisha mabega: "Nikugombeze kwa nini? Nimebakiwa na kidogo. Siwezi kuitumia kwa hilo."

Kisha akanipa mgongo, na mgongo huo ulikuwa mzito kuliko matusi. Hatujazungumza tena usiku huu.

4 Aprili, Alhamisi

Asubuhi ameniandikia karatasi: "Lete kompyuta yako. Na kile kitu kisicho na kitu."

Dada wa sauti amesema kwa koo lilivyo daktari hataruhusu zaidi ya sentensi arobaini, kwa siku tatu. Mashine haiwezi kuunda sauti kwa arobaini. Kwa hiyo hizi hazitashonwa kuwa maneno mengine. Zitakaa hivyo hivyo, kila moja na kitufe chake kwenye simu, na maisha yake yote yaliyobaki atakuwa na hizo tu.

Jioni, nilipotoka kazini, tumekaa mezani sisi watatu kuchagua. Mimi nimependekeza za maana: asante, Mungu awabariki, nawapenda wote. Kipaza amezikata kwa kalamu, ameandika pembeni, "Sijafa." Alichotaka ni "Nani amekalia miwani yangu?" na "Chai hii ya mgonjwa au ya adui?" Ametaka "hapana" tatu, ya upole, ya ukali, na ile ya kumkataa dereva anayetaka kuondoka kabla ya saa. "Ndiyo" akasema moja inatosha. Ya stendi hakuitaka hata moja. Ameandika kwamba hizo watu wanazo masikioni, diski ya nini.

Amerekodi kumi na mbili. Nimekaa na kidole kwenye kitufe na sijawahi kuogopa kitufe hivyo. Kila faili naitazama mara tatu kama ipo.

5 Aprili

Kumi na nne. Moja ni ya simu, kwa binti yetu aliye mbali: "Haloo binti yangu, ni baba." Akafikiri, akaona binti atamuuliza hali, akaongeza nyingine: "Sijambo, ila mama yako ananisumbua." Moja ni ya Wifi: "Dada, supu ina chumvi." Wifi amecheka hadi akatoka nje, na hakurudi kwa muda.

Bado hanitazami vizuri. Ila leo amenishika bega alipopita.

6 Aprili, Jumamosi

Kumi na tatu. Jumla thelathini na tisa. Mvua ilikuwa kubwa mchana, ikabidi tusubiri paa litulie. Imebaki moja. Nikamuuliza iwe ipi. Akaandika: "Moja niachie mwenyewe." Nikamwonyesha wapi pa kubonyeza, nikaenda jikoni kumpikia uji.

Jioni kidogo kabla ya giza diski ilikuwa imeshachomolewa, imerudishwa kwenye soksi. Dada wa sauti amepita kuichukua. Nimempigia baadaye kuuliza kama imefunguka kwenye mashine yake. Amesema imefunguka mara moja, ziko arobaini.

7 Aprili

Tumemlaza hospitali. Hakusema kitu kutwa, nami sikumwambia anyamaze.

8 Aprili

Upasuaji umechukua saa saba na nusu. Madaktari wametoka wakasema imekwenda vizuri.

13 Aprili

Analishwa kwa mrija. Ana tundu shingoni na anapumulia hapo. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Kinachonitisha ni kikohozi chake, hakina mlio.

19 Aprili

Dada wa sauti ameleta simu, vitufe arobaini vimepangwa kama vya kikokotoo. Muuguzi alipokuja na sindano, Kipaza akabonyeza "hapana" ya dereva. Wodi nzima imegeuka. Ilikuwa ni yeye, imekwaruza, lakini ni yeye.

Nikamwambia nisikie ya arobaini. Alisita. Kisha akanipa simu nibonyeze mwenyewe.

Kwanza mvua kwenye paa letu. Kiti kinalia. Halafu yeye, karibu sana, kama amelaza mdomo juu ya kipaza sauti: "Mwenzangu." Anavuta pumzi. "Mwenzangu, nilitaka kukwambia..."

Na hapo kutoka mbali, kutoka jikoni kwangu, na sufuria ikigonga, inakuja sauti ya mwanamke, kali, safi, yenye afya tele: "We! Nyamaza! Pumzisha koo!"

Kinafuata kicheko chake kidogo. Kisha faili imekwisha.

Nikamrudishia simu. Nikamuuliza mbona hakurudia. Akaandika: "Nilijaribu. Sauti ilikuwa imeisha."

"Ulitaka kuniambia nini? Si uandike. Kalamu hiyo."

Akaichukua kalamu. Akaishikilia juu ya karatasi muda mrefu, nami nikasubiri kama mtu anayesubiri hukumu. Akaandika: "Ulisema ninyamaze."

Akacheka, mabega tu yakitikisika, bila sauti hata chembe. Nami nikacheka naye, mpaka nikashindwa kucheka, akanivuta kichwa akakilaza kifuani pake, ambapo pumzi inasikika ikitoka shingoni.

3 Mei

Tuko nyumbani. Mvua imekatika, nguo zinakauka kwa siku moja. Wifi ameondoka na mabegi yake matatu, nami nimelia kumuaga, jambo ambalo kila mtu amelishangaa pamoja na yeye.

11 Mei

Uji vikombe vitatu. Amemeza vizuri. Koo haliumi.

Daktari amesema daftari sasa basi. Namalizia na hili.

Kila siku, nikianza kumhangaikia kwa shuka na mito na vidonge, Kipaza anabonyeza ile ya arobaini. Anaona ni utani, na ni utani. Ila mimi kila inapoanza naacha nilichoshika. Nasikia mvua, nasikia kiti, nasikia "mwenzangu, nilitaka kukwambia", na kila mara natamani yule mwanamke wa jikoni achelewe kidogo tu. Hajawahi kuchelewa.